Koch na maji ya kahawia: kisa cha tuberkulini, Berlin 1890

Tarehe 13 Novemba 1890, jarida la madaktari wa Ujerumani, Deutsche Medizinische Wochenschrift, lilitoa toleo la pekee lenye makala ya Robert Koch. Makala ilihusu dawa ya kifua kikuu, ile iliyokuja kuitwa tuberkulini. Dawa yenyewe, aliandika, ni maji ya kahawia, maangavu, yanayodungwa kwa sindano chini ya ngozi ya mgongo. Yametengenezwa kwa nini? Hilo hakulisema. Daktari aliyeyataka alielekezwa kwa mwenzake mmoja wa Berlin aitwaye Libbertz, aliyekuwa akiyatayarisha chini ya uangalizi wa Koch.

Siku 55 baadaye, tarehe 7 Januari 1891, Rudolf Virchow, bingwa wa kuchunguza maiti, alisimama mbele ya Chama cha Madaktari cha Berlin akaeleza alichokikuta ndani ya maiti 21 za wagonjwa waliodungwa maji hayo.

Kisa hiki kwa kawaida husimuliwa kama kisa cha mkubwa aliyelewa sifa. Sifa zilikuwepo, na fedha zilikuwepo, nitazitaja. Ila nikiyapitia mambo hatua kwa hatua, naona palipoharibika ni mahali padogo zaidi. Koch aliona kitu kwenye ngozi ya mgonjwa, akaamini kitu hichohicho kinatokea kwenye mapafu, na mwaka ule hapakuwa na njia yoyote ya kuyatazama mapafu ya mtu aliye hai. Picha za eksirei zilikuwa bado miaka mitano.

Kwanza tumjue mtu mwenyewe, maana bila hivyo hatutaelewa kwa nini dunia nzima ilimwamini bila kuuliza. Alizaliwa mwaka 1843 Clausthal, mji wa migodi katika milima ya Harz, katika familia ya watoto 13. Alisomea udaktari Göttingen. Kabla hajawa mtu wa Berlin alikuwa mganga wa wilaya huko Wollstein, mji mdogo ambao leo uko Polandi. Hakuwa na chuo, hakuwa na msaidizi. Chumba cha kuonea wagonjwa alikigawa kwa pazia: huku wagonjwa, kule hadubini na panya. Nyuma ya pazia hilo ndipo ulipopatikana, mwaka 1876, ushahidi kwamba kimeta huletwa na bakteria, na kwamba bakteria huyo anaweza kujikunja kama mbegu na kukaa muda mrefu akisubiri mnyama.

Kisha ikaja jioni ya tarehe 24 Machi 1882, tarehe ambayo mpaka sasa ndiyo Siku ya Kifua Kikuu Duniani. Koch aliwaambia wanachama wa Chama cha Fiziolojia cha Berlin kwamba katika kila watu 7 wanaokufa, mmoja huuawa na kifua kikuu, halafu akawaonyesha muuaji. Alikuwa amempaka rangi hadi akaonekana, amemwotesha nje ya mwili kwenye majimaji ya damu yaliyogandishwa, amemdunga simbilisi mzima, naye simbilisi akaugua ugonjwa uleule. Alipomaliza, ukumbi ulinyamaza. Hakuna aliyenyoosha mkono. Paul Ehrlich, aliyekuwemo, alikuja kusema kwamba jioni ile ilikuwa tukio kubwa kuliko yote aliyowahi kuyaona katika sayansi.

Ukimya wa 1882 ulikuwa wa haki, kwa sababu kila hatua ilikuwa mezani na yeyote mwenye hadubini angeweza kwenda kuirudia. Ukimya wa Agosti 1890, Koch alipoidokeza dawa yake kwa mara ya kwanza, ulikuwa wa aina nyingine.

Kumfahamu mdudu hakukumponya mgonjwa. Miaka minane baada ya ugunduzi ule, mwenye kifua kikuu alikuwa na tiba zilezile za zamani: hewa safi, mlo mzito, kulala. Aliyejiweza alikwenda Görbersdorf, Silesia, ambako Hermann Brehmer tangu miaka ya 1850 alishikilia kwamba ugonjwa huu ukiwahiwa unapona, akiwatembeza wagonjwa milimani kwa vipimo. Au alikwenda Falkenstein kwa Peter Dettweiler, ambaye aliwahi kuwa mgonjwa wa Brehmer kabla ya kuwa msaidizi wake, na ambaye aliona kutembea kule kunachosha, akawalaza watu barazani saa nyingi wamejifunika blanketi. Brehmer alikufa mwishoni mwa 1889, mwaka mmoja kasoro kabla ya kelele za Berlin. Maskini, kwa upande wao, walikohoa majumbani na viwandani.

Wakati huohuo, upande wa pili wa mpaka, Louis Pasteur alikuwa ametoa chanjo ya kichaa cha mbwa mwaka 1885, na mwaka 1888 Paris ikamfungulia taasisi yenye jina lake. Pasteur na Koch walikuwa wameshatupiana maneno hadharani. Vita vya Ufaransa na Ujerumani vya 1870 havijasahaulika. Koch mwenyewe alivihudumia kama daktari wa kujitolea. Tangu 1885 alikuwa profesa wa usafi na afya katika Chuo Kikuu cha Berlin, kazi iliyomjaza mihadhara na kumwondoa maabara. Alitaka taasisi yake. Serikali ya Prussia, dola kubwa kuliko zote ndani ya Ujerumani, ilitaka ushindi wake. Na Agosti 1890 mkutano wa kumi wa kimataifa wa madaktari ulikuwa unafanyika Berlin, wajumbe zaidi ya 5,000. Waziri mwenye dhamana, Gustav von Gossler, hakutaka wageni waondoke mikono mitupu.

Kwa hiyo tarehe 4 Agosti, mwishoni mwa hotuba ndefu na kavu kuhusu bakteria, Koch alidokeza kwamba amepata kitu kinachozuia bakteria wa kifua kikuu wasikue, kwenye chupa na hata ndani ya mwili wa simbilisi. Aliongea kwa tahadhari, na ukiisoma hotuba ile leo utaona mipaka aliyojiwekea. Lakini nani angesikiliza mipaka? Mtu aliyekuwa hajakosea bado alikuwa amesema neno tiba.

Niseme pia la nyumbani, kwa kuwa linaingia kwenye hesabu. Ndoa yake na Emmy Fraatz ilikuwa imekufa ikingoja kuzikwa, na moyo wake ulikuwa kwa Hedwig Freiberg, msichana mdogo kwake kwa karibu miaka 30. Hedwig alikubali kudungwa maji yale. Alikuja kusimulia kwamba Koch alimwambia huenda ataumwa sana, lakini hatakufa. Talaka na ndoa ya pili vilikuja mwaka 1893. Talaka inahitaji fedha. Katika mapendekezo yake kwa serikali, Koch alikadiria kwamba dawa hiyo ingeleta faida ya marki milioni 4.5 kwa mwaka. Hapo utaelewa kwa nini mapishi yalifichwa. Yeye mwenyewe alitoa sababu ya kitabibu: alihofia watu wasiojua kazi wangeiga vibaya na kuua. Sababu hiyo haikuwa ya uongo kabisa, ila ilimfaa mno.

Sasa turudi kwenye makala ya Novemba, kwani ndani yake yamo yote, hata yale ya kumkanusha mwandishi.

Koch alieleza kwamba alijidunga mwenyewe kwenye mkono, robo ya mililita. Baada ya saa tatu au nne viungo vilianza kuuma, akachoka, akakohoa, pumzi ikawa ngumu, na hali ikazidi haraka. Katika saa ya tano alishikwa na baridi kali ya kutetemeka iliyodumu karibu saa nzima, akatapika, joto likapanda hadi 39.6. Akaandika kwamba kwa mwenye kifua kikuu kiasi kidogo zaidi, mia moja ya mililita tu, kinatosha kuleta homa kubwa. Wenye afya hupata maumivu kidogo au hawapati kitu. Na akaandika jambo ambalo kila nikilisoma nasimama: simbilisi anaweza kudungwa mililita mbili nzima asitikisike. Ukipiga hesabu kwa uzito wa mwili, alisema, sehemu moja ya 1,500 ya kile kisichomgusa simbilisi inamtikisa binadamu.

Tafakari hapo. Dai lake lote la Agosti lilisimama juu ya simbilisi. Miezi mitatu baadaye anaandika kwa mkono wake kwamba mbele ya dawa hii simbilisi na mtu ni viumbe wawili tofauti kabisa, halafu anaendelea na aya inayofuata kana kwamba hajasema kitu.

Ushahidi uliomshika ulikuwa wa wagonjwa wa kifua kikuu cha ngozi, ule ugonjwa unaokula pua na mashavu polepole. Mgonjwa hudungwa mgongoni, mbali kabisa na kidonda. Saa chache baadaye kidonda cha usoni kinavimba, kinakuwa chekundu, kisha cheusi, kinatoa majimaji, kinafanya gaga. Baada ya wiki mbili au tatu gaga linaanguka, na chini yake kuna kovu jekundu safi. Daktari aliyezoea kumtazama mgonjwa huyo akioza uso kwa miaka, bila la kumfanyia, akiona hayo kwa macho yake atafikiri nini? Maji yalijua pa kwenda. Yaliutafuta ugonjwa ndani ya mgonjwa. Sijashangaa kwamba madaktari wazima walitokwa machozi ya furaha moyoni, hata kama hawakuyaonyesha.

Koch alilijua jambo lingine pia, na aliliandika wazi: dawa haiui bakteria. Inaua nyama iliyoshambuliwa na bakteria, nyama ambayo ingali hai. Kwenye uso, nyama iliyokufa ina mlango wa kutokea; inadondoka na gaga. Kwenye mapafu inatokea wapi? Koch alitumaini itakoholewa nje, au mpasuaji ataisaidia kutoka. Bakteria walioachwa hai ndani ya nyama ile inayoyeyuka hakuwahesabia sawasawa. Licha ya hayo, aliandika kwamba kifua kikuu cha mapafu kilichoanza karibuni kinaponyeshwa kwa uhakika.

Berlin ilifurika. Wagonjwa waliletwa kwa treni kutoka kila upande, wengine wakiwa hawawezi kusimama. Hoteli na nyumba za kupangisha vyumba ziligeuka wodi. Madaktari wa nchi za nje walikuja kwa mamia kutafuta kichupa. Maliki Wilhelm II alimvisha Koch nishani kubwa ya Tai Mwekundu, na jiji likampa uraia wa heshima. Miongoni mwa wageni alikuwepo daktari Mwingereza, Arthur Conan Doyle, ambaye watu wanamjua kwa hadithi za upelelezi. Hakufanikiwa kumwona Koch, wala hakupata tiketi ya kuingia kwenye maonyesho ya mpasuaji Ernst von Bergmann. Aliambulia kusoma maelezo yaliyoandikwa na daktari Mmarekani aliyeingia, akazungukia wodi kadhaa, akaona gunia la barua likimwagwa sakafuni nyumbani kwa Koch, barua za watu wanaoomba kuponywa. Aliporudi Uingereza aliandika kwamba wenzake wasikimbilie: maji haya hayamgusi bakteria, yanaondoa nyama na kumwacha adui ndani, na faida yake ya hakika ni kusaidia kutambua nani anaugua. Mtu aliyefungiwa mlango aliona kuliko wengi waliokuwa ndani ya ukumbi.

Nayo faida hiyo ya utambuzi Koch aliitaja mwenyewe katika makala ileile, kama zawadi ya ziada.

Virchow alikuwa na sababu zake za kutompenda Koch. Kwa miaka hakuwa amefurahishwa na wanaobebesha bakteria lawama za kila ugonjwa. Lakini Januari ile hakuleta hoja, alileta mapafu. Pembeni ya vidonda vya zamani alikuta uvimbe mpya na damu iliyojaa, na vinundu vidogo vichanga vilivyoota mahali ambapo ugonjwa haukuwepo. Yaani nyama iliyovunjwa na dawa ilikuwa imewaachia bakteria walio hai, nao wakasafiri. Kile kilichoonekana kwenye shavu kama usafi, ndani ya kifua kilikuwa moto wa nyasi kavu wenye upepo.

Wiki moja baadaye, tarehe 15 Januari, Koch alitoa siri: maji yake ni mchujo wa gliserini wa bakteria walewale wa kifua kikuu. Wengi walikasirika kwa jinsi lilivyokuwa jambo rahisi. Halafu akaondoka kwenda Misri kupumzika, akawaachia wasaidizi kelele. Ripoti rasmi ya hospitali za Prussia, iliyojumlisha wagonjwa zaidi ya 1,700, ilionyesha kwamba kati ya zaidi ya 1,000 wenye kifua kikuu cha viungo vya ndani, walioandikwa wamepona walikuwa 13. Waliokufa, 46. Zaidi ya nusu hawakubadilika. Ukikumbuka kuwa wengine hupata nafuu bila dawa yoyote, wale 13 hawakumsaidia.

Von Gossler aliondoka wizarani Machi 1891. Koch hakuondolewa popote: mwaka huohuo taasisi yake ilifunguliwa. Hakukubali kamwe kwamba wazo lake lilikuwa bovu, na mwaka 1897 alitoa tuberkulini mpya, nayo haikuponya. Tuzo ya Nobel aliipata mwaka 1905, kwa kazi yake juu ya kifua kikuu, na kwa yale ya 1882 aliistahili.

Kisa kingeishia hapa kama Koch angebaki Ulaya. Lakini huku kwetu anajulikana kwa njia nyingine. Mwaka 1897 na 1898 alikuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani akichunguza malaria na tauni. Mwaka 1905 alirudi, akafuatilia homa ya papasi kwenye njia za misafara, akithibitisha kwamba papasi ndiye anayeibeba na kuirithisha kwa mayai yake. Kazi nzuri, ya Koch wa Wollstein. Mwaka 1906 alipita Amani, Usambara, kisha Mwanza, na kutoka Mwanza akavuka kwenda visiwa vya Sese upande wa Uganda, chini ya Waingereza, kwa sababu wagonjwa wa malale walikuwa wengi huko kuliko upande wa Wajerumani. Alikaa mpaka 1907. Watu waliletwa kwa mitumbwi.

Dawa safari hii ilikuwa atoksili, yenye sumu ya aseniki ndani yake. Koch alidunga, kisha akachomoa majimaji kidogo kwenye tezi za shingo na kuyatazama kwa hadubini. Vimelea vilikuwa vimetoweka. Akaifananisha atoksili na kwinini kwa malaria. Wagonjwa zaidi ya 1,000 walidungwa. Baadaye vimelea vilirudi, kwa kuwa kwenye malale mahali pa hatari ni ubongo, na kwenye ubongo hadubini ya Sese haikufika. Koch akaongeza dozi. Watu 22 wakapofuka macho, moja kwa moja. Ndipo akaacha dozi kubwa.

Hapa ndipo ninapoachana na wanaosema kwamba tuberkulini ilikuwa ajali ya mwaka mmoja, ya shinikizo la waziri na mapenzi ya uzeeni. Sese hapakuwa na waziri mlangoni wala mkutano wa kimataifa. Hata hivyo mwendo ni uleule: anashika kinachoonekana, tezi ya shingo badala ya shavu, na anakichukua kuwa habari ya mwili mzima. Tofauti ipo moja. Wagonjwa wa Berlin walikuwa na Virchow wa kuwapasua na magazeti ya kupiga kelele. Majina ya wale 22 hayajulikani kwa msomaji wa kawaida, na wachache wanaosimulia maisha ya Koch huwafikia.

Mwaka 1907, Koch akiwa bado kisiwani, daktari mmoja wa Vienna, Clemens von Pirquet, alichukua tuberkulini akaikwaruza kidogo tu juu ya ngozi ya watoto. Hakutafuta kuponya. Alitaka kuona ngozi itajibu nini: ikivimba, ni dalili kwamba bakteria wa kifua kikuu wameshaingia mwilini. Mwaka uliofuata Mfaransa Charles Mantoux akaidunga katikati ya ngozi kwa sindano nyembamba, na njia hiyo ndiyo iliyodumu. Kumbe Koch alipotetemeka saa nzima kwa robo ya mililita, huenda mwili wake ulikuwa unasema kwamba bakteria aliyemchezea kwa miaka alishaingia ndani.

Koch alikufa Baden-Baden tarehe 27 Mei 1910. Tiba ya kweli ilingoja streptomisini, miaka ya 1940. Tuberkulini, iliyosafishwa zaidi, bado iko kwenye friji za kliniki: tone dogo katikati ya ngozi ya mkono, halafu unaambiwa urudi baada ya siku mbili au tatu. Muuguzi anapapasa uvimbe kwa kidole, anaupima kwa rula, na kuuliza kama ulichanjwa BCG utotoni, kwa kuwa chanjo hiyo nayo inaweza kuvimbisha. Kisha anaandika milimita, na kama ni nyingi anakupeleka kupiga picha ya kifua.